Wakili wa Nyumba: Muulize Atarudi Nyuma Hadi Wapi

Hamjambo, na asanteni kwa kufika jioni hii.

Anayetafuta wakili wa kumsimamia ununuzi wa nyumba mara nyingi huanza na "unatoza ngapi?" Hilo tulimalize upesi. Hapa Kenya kima cha chini cha ada kimewekwa kisheria katika Amri ya Malipo ya Mawakili, na juu yake kuna VAT ya asilimia 16. Anayejitangaza kwa nusu ya kima hicho ameshavunja sheria kabla hajafungua faili lako.

Muulize hivi: utaichunguza hati ya umiliki wa ardhi kurudi nyuma hadi wapi? Mwezi wa Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, iliyohusu kiwanja cha ufuoni Nyali. Kampuni ilikuwa na hati, na ilikuwa imenunua kwa mtu aliyekuwa na hati. Ikashindwa. Majaji walisema kiwanja kiligawiwa mara ya kwanza bila utaratibu, na hati iliyozaliwa hapo haimkingi hata mnunuzi wa baadaye.

Sasa tazameni wakili anayetegemea sachi peke yake. Sachi ni karatasi inayokuambia nani anamiliki leo, na kama kuna rehani au zuio. Haikuambii alipataje. Kwa ardhi nyingi za sajili ya zamani, historia hiyo imo kwenye kadi ya kijani: mstari kwa mstari, tarehe, jina, aina ya muamala. Ukiona ploti imehamishwa mara tatu ndani ya miezi michache, au mmiliki wa kwanza amezuka tu bila barua ya ugawaji, simama hapo. Wakili mzuri ataomba nakala iliyothibitishwa, na atampeleka mpima ardhi akahakikishe bikoni, yaani alama za mipaka, zinalingana na ramani. Asiyetaja lolote kati ya haya, muage kwa adabu.

La pili ni pesa. Malipo ya awali kwa kawaida ni asilimia 10, na huwekwa kwa wakili wa muuzaji. Someni maneno ya mkataba hapo polepole. Akizishika kama mshika amana wa pande mbili, hazitoki mpaka ununuzi ukamilike. Akizishika kama wakala wa muuzaji, anaweza kumkabidhi mteja wake siku ile ile, na mauzo yakivunjika utamfuata muuzaji aliyekwisha kuzila. Neno moja tu, na wakili wako ndiye anayepaswa kulikamata. Ndiyo maana kutumia wakili wa mjenzi anayekuuzia nyumba "ili kuokoa gharama" ni akiba ya ajabu sana: nani atalipinga neno hilo kwa niaba yako?

Jina la wakili wako litafuteni kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya, LSK. Leseni ya uwakili huisha tarehe 31 Desemba, hivyo aliyekuwa nayo mwaka jana si lazima awe nayo leo. Na broka aliyekuandikia mkataba hana ruhusa ya kuandaa hati za uhamisho, hata kama muhuri wake unang'aa.

Mwambieni wakili pia aorodheshe gharama zote kwa maandishi. Ushuru wa stempu, yaani kodi ya serikali kwenye uhamisho, mjini ni asilimia 4: nyumba ya milioni 10, shilingi 400,000. Mthamini wa serikali akiipa thamani kubwa kuliko bei mliyokubaliana, mtalipa kwa thamani hiyo. Idhini ya mke au mume wa muuzaji nayo iwepo, yenye sahihi.

Kwa wanaonunua hapa Pwani, liko jambo ambalo wakili mgeni huweza kulipita. Tuna nyumba bila ardhi: mwenye nyumba ni mmoja, mwenye kiwanja ni mwingine, na kila mwezi kuna kodi ya ardhi. Kabla ya kusaini chochote, wakili akueleze ni kipi hasa unachonunua, kuta au udongo.

Haya, maswali. Tuanze na dada aliye nyuma pale.