Jibu ni Kumi, si Sita na Nne

Walimu wenzangu, nimepewa dakika ishirini, na mlionisikia zamani mnajua kumi na tano zitaishia Kariakoo. Nivumilieni.

Mpe kijana wa kidato cha tano vekta mbili (vitu vyenye ukubwa na mwelekeo), (3, 4) na (2, 1). Mwambie azizidishe kwa nukta. Atazidisha 3 kwa 2, 6. Atazidisha 4 kwa 1, 4. Kisha ataandika (6, 4), apige mistari miwili chini yake, akae. Nimesahihisha madaftari ya namna hii mpaka kalamu nyekundu zikaniishia. Jibu ni 10! Namba tupu, haina mabano, haina mshale, haielekei popote.

Sisi tunamwambia nini? "Umesahau kujumlisha." Hakusahau. Hajawahi kuambiwa anajumlisha ili iweje.

Sasa twende Kariakoo. Mkokoteni umesheheni viroba vya mchele, Mtaa wa Msimbazi, mvua imetoka kunyesha. Mzee yuko kwenye mpini, kijana anamsaidia kwa kamba. Lakini kijana ana raba mpya, anakwepa madimbwi, kwa hiyo anavutia upande. Kamba imekaza, jasho linamtiririka, na mkokoteni unajikokota vilevile. Mzee akamgeukia: "Wewe, unavuta mzigo au unavuta maduka ya watu?"

Najua kuna mtu ataondoka hapa akisema mzee yule anajua kosaini, ile namba ya pembe. Hajui kosaini, tusimsingizie. Anajua mgongo wake. Ila alichouliza ndicho nukta inachouliza: katika jasho lote hilo, kiasi gani kimekwenda njia yetu? Kiasi! Ukimuuliza mwenye duka sukari imebaki kilo ngapi, hakujibu "kuelekea Mbagala".

Tutie namba. Kamba inavuta kwa nguvu ya nyutoni 200, zikigawanyika 160 kwenda mbele na 120 kwenda pembeni (msijumlishe hivihivi, ni Pythagoras: 160² + 120² = 200²). Mkokoteni umesogea mita 50 mbele, pembeni haukwenda hata sentimita. (160, 120) kwa (50, 0): 160 mara 50, ongeza 120 mara sifuri. Kazi iliyofanyika, yaani nguvu mara umbali wa njia yetu, ni jouli 8,000. Zile 120 zimemchosha kijana, kwenye hesabu ya kazi hazimo.

Hapa mwanafunzi mmoja wa nyuma huwa ananyoosha mkono: "Mwalimu, kila vekta ina namba mbili, mbona tumezidisha mara mbili tu? Kwenye ule mfano wa kwanza, 3 mara 1 na 4 mara 2 zimekwenda wapi?" Mpigieni makofi, maana wengi wetu tumefundisha miaka bila kujiuliza. Zote nne zipo. Mbele kwa mbele, mbele kwa pembeni, pembeni kwa mbele, pembeni kwa pembeni. Zile mbili za katikati zinakutanisha mielekeo iliyo kwenye pembemraba (nyuzi 90), na tumekwishaona kwa kijana wa raba kwamba kuvuta pembeni hakusogezi kitu mbele. Sifuri na sifuri. Zinabaki 6 na 4, na hizo ni kama michango ya harusi: huyu katoa elfu sita, yule elfu nne (aibu, lakini tuendelee), mfuko ni mmoja. Mweka hazina akisimama na kutangaza "tuna sita na nne", mtamtoa.

Na msidhani ni mwalimu wa leo tu asiyesikilizwa. Hermann Grassmann alikuwa mwalimu wa shule kule Stettin (leo Szczecin, Poland). Mwaka 1844 akatoa kitabu kilichobeba misingi ya hesabu hizi, wasomi wakakipita, nakala nyingi zilizobaki zikaishia karatasi chakavu. Mwaka 1881 Gibbs, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani, akaanza kuwachapishia wanafunzi wake maelezo ya vekta, akitumia nukta hii hii, na dunia ikafuata. Grassmann alikuwa amekwishafariki.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka. Pembe kati ya vekta zetu za mwanzo: gawanya 10 kwa urefu wa kila vekta, yaani 5 na kipeuo cha pili cha 5, unapata 0.894 hivi, hiyo ndiyo kosaini, pembe ni kama nyuzi 26.6. Jibu likiwa hasi, kijana anavuta kurudi nyuma. Likiwa sifuri, na vekta zenyewe si sifuri, ni pembemraba: (3, 4) na (−4, 3), hasi 12 ongeza 12.

Kazi ya nyumbani, ndiyo, hata ninyi walimu. Tafuteni k ili (3, 4) na (k, 6) zifanye pembemraba. Atakayeniletea jibu lenye mabano, arudi nalo kwenye daladala lilelile lililomleta.