Chicago au Houston? Kwanza tuambie kama mkeo anaendesha gari

ZUHURA: Hodi hodi wasikilizaji. Zuhura hapa, niko Rogers Park, kaskazini ya Chicago, mwezi wa pili huu na nje theluji imenifika magotini.

BARAKA: Karibuni. Mimi Baraka, Houston, kusini magharibi ya jiji. Samahani kama mnasikia ngurumo nyuma yangu, ni kiyoyozi. Leo joto limerudi ghafla.

ZUHURA: Kiyoyozi mwezi wa pili! Unafanya makusudi.

BARAKA: Nisamehe, da Zu. Pole na baridi.

ZUHURA: Haya. Leo tuna ujumbe wa sauti kutoka kwa msikilizaji, tumwite Baba Nasra. Yuko mji mdogo huko Iowa, anafanya kazi kiwanda cha nyama. Mkewe anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Watoto wawili. Anasema, nanukuu kwa ufupi, "Mji umetuchosha, jirani wa Kiswahili yuko mmoja tu na tumeshagombana." (kicheko) Anataka jiji kubwa. Rafiki zake wa Houston wanamvuta kwa kodi nafuu ya nyumba, shemeji yake wa Chicago anamwambia huku mishahara ni mizuri. Aende wapi?

BARAKA: Mimi nina haki ya kujibu kuliko wewe, kwa sababu nimekaa kote. Chicago nilipiga boksi, kazi za mikono, misimu miwili ya baridi. Mmoja ulikuwa ule wa Januari 2019.

ZUHURA: Ooh, ile tarehe 30.

BARAKA: Nyuzi 30 chini ya sifuri, sentigredi, da Zu! Mtu umetoka Mwanza. Nilitoka kwenda kazini, nikavuta pumzi, nikahisi nywele za puani zimesimama kama sindano. Mwaka huohuo nikapakia gari nikashuka Texas. Nikasema joto nalijua, limenilea.

ZUHURA: Joto la Houston ulilijua?

BARAKA: Sikulijua. (kicheko) Nitakuja huko.

ZUHURA: Basi tuanze na kodi ya nyumba, maana ndiyo inayowavuta watu. Ni kweli, kwa fedha ileile Houston utapata vyumba vingi zaidi, na jengo pengine jipya, lina bwawa la kuogelea. Sibishi. Ila mtu akinionyesha kodi yake ya Houston namwuliza, na magari je?

BARAKA: Hapo umenigusa kidonda.

ZUHURA: Kiguse vizuri basi, waeleze.

BARAKA: Jamani, Houston ni kubwa. Sisemi watu, nasema ardhi. Kwa watu Chicago inatuzidi, sensa ya 2020 iliwapa 2,700,000 na ushee, sisi 2,300,000. Lakini eneo letu ni karibu mara tatu ya lenu. Watu wachache kidogo, wametawanywa kama mtama uliomwagika. Tuna mabasi, tuna na treni ya mjini, lakini reli yenyewe ni fupi ukilinganisha na jiji. Kwa hiyo kila mtu mzima anayefanya kazi anahitaji gari lake. Baba moja, mama moja. Mtoto akifika miaka kumi na sita naye anaanza kukutazama.

ZUHURA: Na kila gari lina bima, mafuta, matairi.

BARAKA: Na barabara za kulipia. Unapita chini ya kamera, huoni mtu, mwisho wa mwezi unaona makato. Mimi nilikuja na gari moja nikidhani mke wangu atanisubiri nimpeleke kazini. Kazi yake ilikuwa upande wa Katy, magharibi, yangu karibu na bandari, mashariki. Wiki ya tatu tu tuliacha kusalimiana asubuhi.

ZUHURA: Maskini.

BARAKA: Tukanunua la pili, la mkopo, kwa riba kubwa ya mtu asiye na historia ya mkopo. Ukijumlisha hilo gari na bima yake, ile tofauti ya kodi niliyokuwa nawatambia watu wa Chicago iliyeyuka kabisa. Na usinitajie foleni. Ile barabara ya I-10 kuelekea Katy waliipanua mpaka, ukihesabu na njia za pembeni, sehemu nyingine zinafika njia 26. Ishirini na sita! Na jioni bado unakaa humo unasikiliza mahubiri mpaka yanaisha.

ZUHURA: Sisi hapa ni watu wanne na gari moja, na analo mume wangu. Mimi napanda treni, laini nyekundu, kutoka huku juu mpaka mjini bila kushuka. Hii nyekundu na ile ya bluu hazilali, saa ishirini na nne. Baba Nasra, sikiliza hapo, mkeo ni wa zamu ya usiku. Pasi ya siku 30, treni na basi, haifiki dola 100. Gari gani la dola 100 kwa mwezi?

BARAKA: Useme na ubaya wake.

ZUHURA: Nasema. Kuna siku unasimama jukwaani upepo wa ziwa unakupiga, kibao kinasema dakika nne, dakika nne zinageuka kumi na tano. Na usiku wa manane mabehewani kuna watu wasio na pa kulala, kuna wavuta sigara. Mimi hupanda behewa la mbele karibu na dereva. Nimezoea. Mwingine hatazoea.

BARAKA: Upande wa kodi ya serikali sasa, huku ndiko ninakojivunia. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Unakatwa ya shirikisho tu.

ZUHURA: Huku Illinois, jimbo letu, tunakatwa asilimia 4.95, tajiri na maskini sawa. Mtu wa dola 50,000 kwa mwaka anaacha elfu mbili na ushee.

BARAKA: Unaona!

ZUHURA: Naona. Na kodi ya mauzo hapa mjini inapita asilimia 10, kwenu ni 8.25. Lakini kima cha chini cha mshahara Texas ni kipi?

BARAKA: (kimya kidogo) Dola 7.25.

ZUHURA: Kile cha shirikisho, hakijasogea tangu 2009. Hapa Illinois ni dola 15 tangu Januari 2025, na ndani ya Chicago inazidi 16. Shemeji yake hakumdanganya.

BARAKA: Ngoja, tusiwapotoshe watu. Hakuna ghala la Houston nilifahamulo linalopata mtu kwa 7.25, wangekaa na maboksi yao. Ila ni kweli kwamba sheria haikusimamii, unasimamiwa na soko tu. Soko likilegea, umelegea nalo.

ZUHURA: Na bima ya afya. Illinois walipanua Medicaid, ile bima ya serikali, kwa watu wazima wa kipato kidogo, Texas walikataa. Watoto wanaweza kupata kote kote, lakini baba anayefanya kazi bila bima ya mwajiri, kwenu anabaki hewani.

BARAKA: Hilo kweli. Nimewahi kung'olewa jino Mexico kwa sababu hiyo. Safari nzuri lakini.

ZUHURA: Ila kwa mama Nasra, kazi za wagonjwa na wazee zipo kote. Ninyi mna ile Texas Medical Center.

BARAKA: Eneo la hospitali kubwa kuliko yote duniani, ni mji ndani ya mji. Hapo kazi haikosekani, kuanzia kusukuma vitanda mpaka udaktari. Amkumbushe tu kwamba cheti cha kuhudumia wagonjwa kinasajiliwa na jimbo. Asiache kazi Iowa kabla hajauliza namna ya kuhamisha usajili.

ZUHURA: Haya, joto. Uliahidi.

BARAKA: Joto la Mwanza linapumzika jioni, upepo unatoka ziwani. La Houston halipumziki. Saa nne usiku mwezi wa nane unatoka nje, miwani inaingia ukungu. Bili ya umeme ya Agosti nilipoiona mara ya kwanza nilidhani wameniletea ya jirani. Lakini joto siyo linalonitisha. Linalonitisha ni maji. Jiji liko chini, tambarare kama sinia, limekatwakatwa na vijito tunavyoviita bayou. Kimbunga Harvey, Agosti 2017, kilisimama juu ya eneo hili siku kadhaa kikimwaga tu. Wapo ambao mvua haikuwafikia ndani, wakafurika baadaye maji ya mabwawa ya Addicks na Barker yalipofunguliwa, maana mabwawa yenyewe yalikuwa yanaelemewa.

ZUHURA: Kwa hiyo anayepanga nyumba aulize nini?

BARAKA: Aulize hivi: mwaka 2017 maji yalifika wapi hapa? Awaulize majirani, asimwulize dalali. Na ajue bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Ya mafuriko inakatwa peke yake, na ile ya serikali kwa kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30. Ukisikia kimbunga kimetajwa kwenye redio, umeshachelewa. Hata mpangaji anaweza kukata ya vitu vyake, makochi, televisheni.

ZUHURA: Na umeme?

BARAKA: Umeme da Zu, nilidhani mgao niliuacha nyumbani. Februari 2021 barafu ilishuka Texas yote, na gridi yetu imejitenga na ya nchi, haiwezi kuazima vya kutosha kwa majirani. Watu walikufa kwa baridi, Texas! Halafu Julai 2024 kikaja Beryl, kimbunga cha daraja la kwanza tu, nyumba na biashara zaidi ya 2,000,000 zikakosa umeme. Kwangu siku tano. Tulilala kwenye gari injini ikiwaka, kwa zamu, ili watoto wapate ubaridi. Sasa nina jenereta, na mke wangu ameipa jina.

ZUHURA: Jina gani?

BARAKA: Mama mkwe. Inapiga kelele lakini ikija nyumba inakaa sawa.

ZUHURA: (kicheko) Hiyo tutaikata kabla hajaisikia. Sasa mimi niseme ya huku. Baridi inaua hamu kuliko inavyoua mtu. Mabuti, makoti, ukiwa na watoto wawili unayanunua upya kila mwaka kwa sababu miguu inakua. Saa kumi na nusu jioni mwezi wa kumi na mbili kiza. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nalia bila sababu, nikafikiri nimerogwa. Lakini ndani ya nyumba, sikiliza, sheria ya jiji inamlazimisha mwenye nyumba kupasha joto nyuzi 20 mchana, kuanzia katikati ya Septemba mpaka mwanzo wa Juni. Asipofanya unapiga 311, simu ya huduma za jiji. Nyumba nyingi za zamani, hita ni ya jengo zima, iko ndani ya kodi. Mimi Januari nakaa na dera.

BARAKA: Hiyo naikumbuka. Nilikuwa nafungua dirisha.

ZUHURA: Na kiangazi, Baraka, usikidharau. Ufukwe wa ziwa, njia ya kutembea kilomita 29, watu wote wanaruhusiwa, hakuna hoteli imeziba. Jumapili tunachoma nyama pale, nusu ya Afrika Mashariki iko pale. Mwezi wa kumi tunapanga mstari kuwashangilia Wakenya kwenye marathoni. Nilikuwepo 2023 alipopita Kelvin Kiptum, Mungu amrehemu. Saa mbili na sekunde 35! Sikumwona, nilipepesa macho.

BARAKA: Ziwa nakukubalia. Lakini mboga? Mimi nyuma ya nyumba nina bamia, matembele, mchicha. Mihogo naikuta kwenye maduka ya Wamexico, mbichi. Ukija wiki nzima unakula kama uko Magu.

ZUHURA: Mimi nina Devon Avenue, maduka ya Wahindi na Wapakistani, nyama halali, bizari zote. Matembele sina. Hapo umenipiga.

BARAKA: Usalama? Wataulizia, Chicago ina jina.

ZUHURA: Ni mtaa kwa mtaa, kote kote. Aje alale siku mbili mtaa anaoutaka, mchana na usiku. Akiishi kwa habari za televisheni hatahamia popote.

BARAKA: Sawa. Na anayetaka kununua nyumba?

ZUHURA: Hapo nakuachia Houston, ingawa kodi ya jengo inauma pande zote mbili.

BARAKA: Inauma, inaweza kukaribia asilimia 2 ya thamani kwa mwaka, na kwenye vitongoji vipya wanakuongezea ya mabomba na maji. Lakini nyumba yenyewe kupatikana ni rahisi zaidi, wanajenga kila siku. Jiji halina ile sheria ya kugawa maeneo ya makazi na biashara kama miji mingine. Nyumba, kanisa, fundi matairi, vimepakana. Utadhani Sinza.

ZUHURA: Kwa hiyo Baba Nasra tunamwambiaje?

BARAKA: Mimi nilikuja hapa nimejiandaa kumwambia Houston. Sasa sijui. Mkewe anaendesha?

ZUHURA: Hakusema. Nimeurudia ujumbe mara tatu, hakusema.

BARAKA: Kama anaendesha na wako tayari kwa magari mawili, na wanataka nyumba yao wenyewe baada ya miaka michache, waje. Nitawaonyesha mitaa isiyofurika. Kama haendeshi, na zamu ni za usiku, Houston atakuwa mfungwa wa mumewe. Nimeona wake za watu wanakaa Alief, mtaa wa huku, miaka minne, hawajui mjini kukoje.

ZUHURA: Na mwenye zamu ndiye tusiyemsikia. Baba Nasra, mpe simu mama Nasra atutumie ujumbe yeye mwenyewe.

BARAKA: Na yule jirani mliyegombana naye, mkapatane kabla hamjahama. Mtahitaji mtu wa kuwasaidia kupakia.

ZUHURA: Haya, mimi naondoka. Asubuhi mume wangu alichimbua theluji saa nzima kupata pa kuegesha, akaenda kazini, ameacha kiti cha plastiki pale kulinda nafasi, ndiyo mila ya huku. Ngoja nikachungulie kama kiti bado kipo.

BARAKA: Na kama kimeondolewa?

ZUHURA: Basi wiki ijayo unarekodi peke yako.