Sufuria Mbili za Maharagwe

(Mhadhara uliotolewa mbele ya kikundi cha akina mama na vijana, Kisumu)

Hamjambo nyote. Karibuni, sogeeni mbele, wale wa nyuma hawataona.

Hapa mekoni kuna sufuria mbili. Zote zina maharagwe ya nyayo niliyonunua soko la Kibuye, nusu kilo kila moja, gunia lile lile. Yamelowekwa usiku kucha na kuinjikwa saa mbili asubuhi, moto sawa. Tofauti ni hii tu: ya kushoto nimeitia nyanya tatu na ndimu tangu mwanzo. Ya kulia ina maji matupu. Naomba asifunue mtu mpaka nimalize.

Nimekuja kuwaombea maharagwe heshima. Huku kwetu magharibi mgeni akifika na kuku hayupo, mwenye nyumba huleta bakuli akiwa ameinamisha kichwa, anasema, "Leo hatuna mboga, ni maharagwe tu." Hilo neno "tu" linaniuma. Gramu 100 za maharagwe makavu zina zaidi ya gramu 20 za protini. Mahindi yana uhaba wa laisini, kimojawapo cha vijenzi vya protini, maharagwe yanayo kwa wingi, ndiyo maana ugali kwa maharagwe, au nyoyo yetu ya mahindi na maharagwe, ni mlo uliokamilika kwa protini. Mtu aliyekula hivyo hajakosa nyama, amekula.

Kwa nini basi tunayadharau? Mimi naamini ni kwa sababu wengi wetu tumeyala yakiwa mabichi ndani. Tumekulia shule za bweni ambako punje inagonga jino, mchuzi ni maji ya chumvi, na tumbo linalalamika usiku mzima. Ukimsikia mtu akisema hapendi maharagwe, muulize kwanza aliyapikiwa wapi.

Na mimi nimewahi kuwapa watu maharagwe mabichi. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu tuliishi Nakuru. Wakwe wakaja. Nikatia kila kitu sufuriani pamoja, maharagwe, vitunguu, nyanya, nikafunika. Saa tatu baadaye punje zilikuwa ngumu vile vile. Mama mkwe hakusema neno, alikula polepole akitenga zile ngumu kando ya sahani. Nikazitazama zile punje kando ya sahani, nikaamua nitajua sababu.

Sababu ya kwanza ni Nakuru kwenyewe. Mji ule uko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, sisi hapa ziwani tuko kama mita 1,130. Kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Mombasa huchemka kwa nyuzi 100, hapa karibu 96, Nakuru karibu 94. Ni tofauti ndogo kuitaja, lakini punje huisikia sana. Mwenye jamaa Nakuru amwambie aongeze muda, au atumie sufuria ya presha.

Ya pili ni nyanya, na hii ndiyo kubwa. Chembe za punje zimeshikamana kwa kitu kama gundi, kinaitwa pektini. Kuiva ni gundi hiyo kuyeyuka. Uchachu wa nyanya, ndimu au ukwaju huizuia isiyeyuke. Unaweza kuchochea kuni mpaka jioni, punje imejifunga.

Ya tatu ni umri. Tazameni viganja vyangu. Huku ni nyayo za msimu huu, ona zile alama nyekundu kwenye ngozi ya rangi ya maziwa. Huku ni za zamani, zimekuwa kahawia, hata alama zimefifia. Maharagwe yakikaa kwenye joto na unyevu, na Kisumu ina vyote viwili, hugoma kuiva hata uyafanyeje. Nunua kidogo kidogo, na usione haya kumwomba muuzaji akufungulie gunia lingine.

Chumvi je? Nimeambiwa tangu utotoni kwamba chumvi hufanya maharagwe kuwa magumu. Sivyo. Yaloweke kwenye maji yenye kijiko kikubwa kimoja cha chumvi kwa lita moja, ngozi italainika na punje haitapasuka ovyo. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, tia mapya.

Hapa nisikilizeni vizuri. Maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ya kuumiza tumbo. Baada ya kuloweka, yachemshe kwa nguvu, maji yakitokota kweli, dakika 10 kamili, ndipo upunguze moto. Moto wa pole pole tangu mwanzo hauiondoi sumu hiyo.

Yakishaiva, sasa pika. Kaanga vitunguu viwili kwa mafuta, na usiwe na haraka, vigeuke kahawia mpaka pembezoni. Watu hukosea hapa, wanavitoa vikiwa bado vyeupe, halafu wanatafuta ladha kwenye pakiti ya viungo. Tia saumu na tangawizi zilizopondwa, bizari kidogo, kisha nyanya tatu zilizokunwa. Koroga mpaka uone mafuta yamejitenga na kuelea kando. Mimina maharagwe pamoja na supu yake, usiimwage ile supu. Chota upawa mmoja, uponde punje kwa mgongo wa mwiko ukutani mwa sufuria, zirudishe. Hizo ndizo zinazofanya mchuzi uwe mzito bila unga wala nazi. Robo saa ya moto mdogo, dania juu, epua.

Kamulia ndimu mezani, kwenye sahani. Huko haizuii kitu tena, na inausaidia mwili kuyachukua madini ya chuma. Chai iache isubiri kama saa moja baada ya mlo, maana inayazuia madini hayo hayo.

Mama pale ameuliza kuhusu magadi. Ni kweli yanaivisha haraka, kama musherekha, yale maji ya majivu ya bibi zetu. Lakini yanaharibu vitamini B1, na ukizidisha, chakula kinakuwa na ladha ya sabuni. Ukiwa na maharagwe mazee na huna la kufanya, ncha ya kijiko inatosha.

Haya, ni saa nne kasorobo. Kijana, funua ya kulia. Chota punje chache kwa kijiko, zipulize. Mnaona ngozi inavyojikunja na kubanduka? Sasa weka moja kinywani, ibonyeze kwa ulimi dhidi ya kaakaa, usitumie jino. Imeyeyuka? Imeyeyuka. Hiyo tunaiunga sasa hivi, vitunguu viko tayari.

Sasa ya kushoto. Pulizeni. Ngozi haijatikisika. Mama, wewe uliyeketi mbele, jaribu moja. Pole, iteme hapo kwenye sahani. Maharagwe ni yale yale, moto ni ule ule. Funikeni, ongezeni maji ya moto, tutayaangalia tena saa sita.