Rolleiflex Ndogo na Filamu Iliyoiponza

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Hii niliyoishika ni kamera ya Rolleiflex ya 4×4, yaani inayopiga picha za mraba za sentimita 4 kwa 4; ni ile ya kijivu iliyotoka mwaka 1957. Nitaipitisha muishike, ila tafadhali msiguse lenzi kwa vidole.

Waliounda kampuni iliyoitengeneza, mjini Braunschweig, Ujerumani, mwaka 1920, ni Paul Franke na Reinhold Heidecke. Franke alijua biashara, Heidecke alijua ufundi. Walianza na kamera za stereo, zinazopiga picha mbili kwa pamoja ili mtazamaji aone kina: lenzi mbili za kupigia picha, na ya tatu katikati ya kutazamia. Iondoe moja ya pembeni, isimamishe kamera wima, na tayari umeikaribia Rolleiflex kubwa ya 6×6, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1920.

Fungueni kifuniko cha juu. Lenzi ya juu inaingiza taswira, kioo kilichoinama nyuzi 45 kinairusha hadi kwenye kioo cha ukungu mnachokitazama. Ya chini ndiyo inayopiga. Mmeona? Kushoto kumekuwa kulia. Mtu akipita kuelekea kulia, kiooni anakwenda kushoto, na mwenye kamera asiyezoea humfuata upande usio. Lakini kamera ikiwa tumboni na macho yako yakiwa chini, unayempiga hakazi uso. Kwangu mimi, hiyo pekee inatosha kuvumilia usumbufu wote.

Mwaka 1931 ndipo alipozaliwa huyu mdogo wa 4×4, kwa mara ya kwanza. Alitumia filamu ya 127, yenye upana wa milimita 46, ambayo Kodak iliitoa mwaka 1912 kwa kamera yake ya mfukoni, Vest Pocket. Roli moja ilitoa picha 12 za mraba. Baadaye akatoweka sokoni.

Kwa nini basi arudi 1957? Slaidi, yaani picha za filamu zinazorushwa ukutani kwa mwanga! Watu walikuwa wameshanunua projekta za filamu ya milimita 35, zinazopokea fremu ya sentimita 5 kwa 5. Slaidi ya 4×4 huingia kwenye fremu hiyohiyo, na eneo lake ni karibu mara mbili ya ile ya milimita 35. Unapata picha kubwa ukutani bila kununua projekta mpya. Ilikuwa hesabu nzuri, tena Wajapani nao waliiona: mwaka 1958 Yashica ikatoa Yashica 44, ndogo vilevile na ya kijivu vilevile. Msiniulize nani alimwiga nani.

Tatizo halikuwa ufundi. Shata ya hii, kile kinachofunguka na kufunga kuruhusu mwanga, bado inalia vizuri, sikilizeni. Ni filamu iliyomtupa mkono: kamera za milimita 35 zilishika soko, roli za 127 zikazidi kuadimika madukani, na mwaka 1995 Kodak ikaacha kabisa kuzitengeneza.

Wanaozitumia leo wengi hununua roli ya 120, filamu iliyo pana zaidi, wakaikata gizani ibaki milimita 46, kisha wakaiviringisha upya juu ya karatasi ya zamani ya 127, ile inayofunika mgongo wa filamu. Kwa hiyo ukikuta kamera ya namna hii inauzwa, kabla hujauliza bei fungua mgongo wake uangalie kama kigurudumu cha kuviringishia filamu kimo ndani, na karatasi yake ikiwepo, usiitupe.