Tuanze na Akiba, Mkopo Usubiri

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Najua wengi wenu mmekuja kusikia habari za mikopo. Nivumilieni, nianze na wiki mbaya: mtoto kaugua, kibarua kimesimama, kodi ya nyumba imefika. Kipato kidogo kinaumiza, ndiyo. Lakini kinachoiangusha familia mara nyingi ni kwamba fedha zina siku zake na shida nazo zina siku zake. Hapo ndipo fundi anauza cherehani yake, na mwezi unaofuata hana cha kushonea.

Mwaka 1991, huko Maradi nchini Niger, wanawake na shirika la CARE walianzisha vikundi vya kuweka na kukopa. Utaratibu huo ulisambaa nchi nyingi na kuboreshwa njiani. Watu 15 hadi 25 wanaojuana hukutana kwa siku maalumu. Kila mmoja huweka akiba kwa kununua hisa, moja hadi tano, na kitabu chake hupigwa mihuri mbele ya wote. Hata asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, mtunza sanduku si mmojawapo. Wanakopeshana fedha zao wenyewe, riba inawarudia, na baada ya miezi 9 hadi 12 wanagawana kwa hisa. Wajanja huipanga siku hiyo iangukie karibu na ada za shule.

Pembeni kuna mfuko wa jamii, wa ugonjwa na msiba. Mchango wake ni mdogo mno, na wako wanaouona kama nyongeza tu. Mimi ningeutanguliza. Ndio unaoiokoa ile cherehani.

Sasa, yuko jirani asiyemudu hata hisa moja. Huyo kumkopesha ni kumwongezea mzigo. Mwaka 2002 shirika la BRAC la Bangladesh lilianza kuwafuata watu wa namna hiyo kwa njia nyingine: mali ya kuzalishia, kwa mfano mifugo, posho ya chakula kwa muda, mafunzo, akiba, na mtu wa kuwatembelea mara kwa mara, kwa takriban miaka miwili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliupima mpango wa aina hiyo katika nchi 6, na kwa ujumla nafuu ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baada ya msaada kwisha. Honduras mambo hayakwenda vizuri: kuku waliogawiwa walikufa kwa wingi kwa maradhi. Nalitaja kwa makusudi, kwa sababu waandaaji tunapenda kugawa kitu kisha tunaondoka.

Kwa hiyo, ninyi mnaotaka kuanza mwezi ujao, msitafute kwanza wa kuwakopesha. Tafuteni sanduku, mkubaliane bei ya hisa ambayo mwenye kipato cha chini kuliko wote kundini ataimudu hata katika wiki yake mbaya. Bei hiyo aitaje yeye kwanza, wengine mkiwa kimya.