Namba Moja wa Besiboli: Alicheza na Nani?

Shikamooni wazee, na wenzangu habari za jioni. Nimeambiwa niongelee besiboli na najua wengi humu ndani tumekuja Marekani tukiwa tunaujua mpira mmoja tu, wa miguu, kwa hiyo ntaenda taratibu, ila naomba msinikatishe mpaka nifike mwisho, maana hii mada ya nani mkali wa muda wote ina watu wenye hasira na naona wawili watatu wameshakaa mkao wa kubishana.

Mi besiboli nimefundishwa na mzee mmoja Mmarekani mweusi, tulikuwa naye shifti moja ghalani, tunapakia maboksi, na muda wa mapumziko anawasha redio yake ndogo anasikiliza mechi. Siku moja nkamwambia kwa kujiamini kabisa, mzee, si mkali wa wote ni Babe Ruth? Jina hilo nilikuwa nimelisikia hata kabla sijapanda ndege. Mzee akaweka kikombe chini, akaniangalia, akauliza swali moja tu: alicheza na nani?

Hilo swali ndo mhadhara wangu wote wa leo.

Kwanza tumpe Ruth haki yake yote, maana kuna watu wanamponda bila kujua alifanya nini. Alianza kama mrushaji, yaani yule anayemrushia mpira mpigaji, pale Boston, na alikuwa mrushaji kweli, alishinda mechi 94 kwenye maisha yake na kupoteza 46. Boston wakamuuza kwa Yankees, na mwaka 1920, msimu wake wa kwanza New York, akapiga homurani 54. Homurani kwa wasioijua ni ule mpira unaopigwa ukaenda moja kwa moja mpaka nje ya uzio, mpigaji anazunguka besi zote nne, yaani vile vituo vya kukimbilia, hakuna wa kumgusa. Sasa 54 sikiliza vizuri, kwenye ligi yake hakuna timu nyingine iliyofikisha hizo, timu nzima nasemea, siyo mtu. Mwaka 1927 akapiga 60. Alimaliza na 714. Ni kweli 1920 sheria zilibadilika, warushaji wakakatazwa kupaka mpira mate, na mwaka huohuo Ray Chapman aligongwa na mpira kichwani akafa, baada ya hapo mipira michafu ikawa inatolewa haraka na kuletwa mipya inayoonekana vizuri, wapigaji wote wakanufaika. Lakini wote walinufaika na bado Ruth peke yake ndo alikuwa kule juu. Huyo ni mtu.

Haya, rudi kwa swali la mzee. Ruth aliondoka Meja Ligi, ndo ligi kuu ya huku, 1935. Jackie Robinson, mweusi wa kwanza kuruhusiwa baada ya miaka mingi ya weusi kuzuiwa, aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947. Kwa hiyo Ruth katika Meja Ligi yote aliyocheza hakuwahi kurushiwa mpira hata mmoja wenye hesabu na mtu mweusi, hata mmoja jamani. Satchel Paige, ambaye wengi waliomwona wanasema hakuna mkono uliowahi kurusha kama ule, aliruhusiwa kuingia Meja Ligi 1948 akiwa na miaka 42. Miaka 42! Umri ambao warushaji wengi wameshastaafu zamani, yeye ndo anaanza, na Cleveland wakachukua ubingwa mwaka huo naye akiwemo.

Siyo kosa la Ruth, yeye hakuweka hilo katazo, na nje ya msimu alikuwa akicheza mechi za kirafiki na timu za watu weusi. Ila namba ni namba. Ukiniambia Simba kachukua ubingwa miaka kumi mfululizo ntapiga makofi, ukiniambia hiyo miaka kumi Yanga na Azam walifungiwa nje ya geti, hapo makofi yanabadilika.

Sasa vijana wa siku hizi wanakuja na WAR, hiki ni kipimo kinachojumlisha kila kitu, kupiga, kukimbia, kudaka, kurusha, halafu kinakwambia huyu mtu ameiletea timu ushindi mangapi zaidi ya mchezaji wa kawaida ambaye ungemwokota tu akajaza nafasi. Ruth anaongoza, anapita 180, Barry Bonds yuko kama 162, Willie Mays 156. Watu wanafunga mjadala hapohapo. Mi nakiheshimu hicho kipimo, nakitumia, lakini angalia kinavyofanya kazi, kinakulinganisha na wenzako wa ligi yako mwaka wako. Kama ligi yako imefukuza watu wazuri mlangoni basi yule "wa kawaida" anakuwa dhaifu, na wewe unaonekana mrefu zaidi ya ulivyo. Yaani futi yenyewe ndo imekatwa.

Kwa hiyo mi namba moja wangu ni Willie Mays, na sisemi kwa huruma.

Mays alizaliwa Alabama 1931, akaanzia Birmingham Black Barons, timu ya ligi za weusi, akiwa bado mwanafunzi. Akaingia Giants 1951, jeshi likamchukua sehemu kubwa ya 1952 na 1953 nzima, na bado akamaliza na homurani 660. Aliipiga mipira ya warushaji gani? Sandy Koufax, Don Drysdale, Bob Gibson. Na aliokuwa anashindana nao kwenye ligi yake ni Hank Aaron, Frank Robinson, Roberto Clemente kutoka Puerto Rico. Geti lilikuwa limefunguliwa na watu wakaingia wenye njaa, huo ndo wakati mgumu kuwa bora, na yeye akawa bora, tena siyo kwa kupiga tu.

Yule mzee wa ghalani alinionyesha kwa chungwa. Akalirusha juu, akageuza mgongo, akanyoosha mikono mbele kama mtu anayepokea mtoto, chungwa likamwangukia viganjani toka nyuma ya bega. Ni tukio la tarehe 29 Septemba 1954, mechi ya kwanza ya World Series, yaani fainali ya ubingwa, uwanja wa Polo Grounds, New York. Matokeo ni mbili kwa mbili, raundi ya 8, Cleveland wana watu wawili kwenye besi, Vic Wertz akaupiga mpira karibu mita 130 katikati ya uwanja. Mays akageuka akakimbia, mgongo umeelekea huko mpira unakotoka, akaudaka kwa mbele, kofia ikadondoka, na kitu ambacho watu wanasahau ni kwamba hakusimama kushangilia, aligeuka palepale akautupa, wale wawili wakashindwa kufunga. Giants wakashinda raundi ya 10, wakashinda na mechi tatu zilizofuata. Hebu niambie WAR inaweza kuweka wapi ule mtupo.

Wa pili kwangu ni Ruth, wa tatu Hank Aaron. Aaron alivunja rekodi ya Ruth tarehe 8 Aprili 1974 kule Atlanta, homurani ya 715, na miezi yote kabla ya hapo alikuwa anapokea barua za matusi na vitisho vya kuuawa, anatembea na mlinzi, kosa lake ni kuwa mweusi anayekaribia namba ya mzungu. Alimaliza na 755. Ukizifuta homurani zake zote bado anabaki na mapigo ya kumfikisha kwenye besi zaidi ya 3,000, na 3,000 peke yake kwa kawaida ni tiketi ya Cooperstown, ule ukumbi wa heshima wa magwiji wa besiboli.

Naona kaka pale nyuma anatikisa kichwa, najua, Bonds. Bonds ana 762, ana 73 kwenye msimu mmoja wa 2001, na 2004 walikuwa wanamwogopa mpaka makusudi wakampa besi ya bure mara 120. Lakini kashfa ya dawa za kuongeza nguvu ilimpata na mpaka leo Cooperstown hayumo. Kwangu yumo kumi bora, hayumo tatu bora, na tusimalizie jioni hapo.

Maana ninayetaka kumwongelea ni Josh Gibson. Mdakaji, Homestead Grays, timu ya ligi za weusi. Bango lake pale Cooperstown linasema alipiga karibu homurani 800, takwimu rasmi hazifiki hata 200, na vyote viwili vina sababu, misimu ya ligi za weusi ilikuwa mifupi, timu zikawa zinaishi kwa kuzunguka miji kucheza na yeyote, na zile mechi za njiani hazihesabiwi. Mei 2024 Meja Ligi wakaziingiza takwimu za ligi hizo rasmi, Gibson akawa na wastani wa kupiga wa .372, yaani mapigo 372 kwa kila mara 1,000 za kusimama kupiga, akampita Ty Cobb aliyekaa juu miaka na miaka. Kelele zikaanza, kwamba Cobb alisimama kupiga mara zaidi ya 11,000 na Gibson elfu mbili na kitu, hailingani. Kweli hailingani! Lakini ni nani aliyemnyima hizo elfu tisa nyingine? Gibson alikufa tarehe 20 Januari 1947 akiwa na miaka 35. Hesabu mpaka siku ya Robinson, ni siku 85.

Na haya mambo ya geti msidhani ni ya kale. Watoto wa Uganda walishinda nafasi ya kwenda Williamsport 2011 kwenye kombe la dunia la watoto wakakosa viza, mwaka uliofuata Uganda wakashinda tena wakaenda, timu ya kwanza toka Afrika.

Kuna anayeniambia Shohei Ohtani, yule Mjapani, atawapita wote. Inawezekana, mwaka 2024 homurani 54 na besi za kuiba 59, yaani kukimbilia besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe, Oktoba 2025 usiku mmoja karusha akawaondoa wapigaji 10 na papohapo akapiga homurani tatu, na anacheza na dunia nzima. Kwa swali la mzee anajibu vizuri kuliko Ruth. Acha amalize.

Wa nne wangu ni Ted Williams, .406 mwaka 1941, vita viwili vikamla karibu misimu mitano. Ila kuna kitu kingine nampendea. Mwaka 1966 anaingizwa Cooperstown, siku yake, watu wamekuja kumsikiliza yeye, akasimama akasema anatumaini siku moja Satchel Paige na Josh Gibson watawekwa humo, kwamba hawamo kwa sababu tu hawakupewa nafasi. Paige akaingia 1971. Gibson 1972, miaka 25 kaburini.

Wa tano ni huyo Gibson. Haya, karibuni maswali, kaka wa Bonds anza wewe.