Yai Moja, Mara Tisa

Bwana Yesu asifiwe. Kaeni, kaeni. Na nyie vijana wa kwaya mlioganda mlangoni, ingieni tu. Leo sidai mtu.

Nimeombwa nieleze sikukuu ya mavuno ilivyokuwa ikiandaliwa hapa usharikani, maana miaka 31 nimekaa meza ya mnada na daftari langu. Mnada wenyewe sitaueleza. Hakuna aliyekulia huku mlimani asiyewahi kumkimbiza kuku aliyekata kamba mbele ya mchungaji. Nitasema lile lile la kila mwaka: jina la mnunuzi tunalisoma kwa sauti, la aliyeleta mazao tunalimeza.

Mnacheka, mmeshajua yai linakuja. Linakuja.

Mwaka ule bibi mmoja alimtuma mjukuu wake alete mayai mawili. Mtoto akapita jikoni, akamkuta kuku ametulia, akayatoa chini yake. Mnadishaji akainua moja: elfu! Elfu mbili! Aliyelipata akasema nampa mama mchungaji. Mama mchungaji akalirudisha mnadani. Likanunuliwa, wakapewa kwaya. Kwaya nao wakarudisha. Mara tisa, jua la saa saba. Ile ya tisa, mnadishaji kwa mbwembwe zake akalibana, likampasukia kiganjani. Ndani kifaranga, kimeshaota manyoya! Watu walicheka hadi mwinjilisti akaanzisha wimbo ili tutulie, na wimbo wenyewe ukamshinda.

Mimi sikucheka, nilikuwa naandika. Yai moja, mistari tisa: minne fedha mkononi, mitano ahadi. Jumapili iliyofuata majina yote yakasomwa, makofi. Mpaka Pasaka zilikuwa zimelipwa ahadi mbili. Wale watatu nikiwaona sokoni, wanazama kwenye mabanda ya mitumba. Mmoja nilimwambia, fedha basi, niletee hata jani la sale, lile letu la kuombea msamaha, tuyamalize. Hata hilo hakuleta.

Na yule bibi? Alipoteza kifaranga, na jina lake halikusomwa, kwa sababu daftari halikuwa na mahali pa kuandika nani kaleta nini. Daftari nililichora mistari mimi mwenyewe. Nisimlaumu mtu.

Najua mtaniuliza: mama, bila wanunuzi haya mabati yangetoka wapi? Sawa. Lakini zamani mtu akisema "nitalipa kahawa ikilipwa," kahawa yake tumeiona kihambani, shambani kwake pale nyumbani, na kilo zake ziko kwenye kitabu cha chama cha msingi cha ushirika. Makubaliano ya dunia ya mgawo wa kahawa yalipovunjika 1989, bei ikaporomoka, na baadaye wengine wakang'oa mibuni wakapanda nyanya. Sasa tunamngojea mtoto wa Dar es Salaam ashuke na basi la Desemba. Anapandisha bei, anapigiwa vigelegele, anasema "nitatuma kwa simu," Januari simu haipatikani. Simchukii, wangu pia wako huko. Ila aliyejitwika mkungu wa ndizi mchare kutoka bondeni alilipa kabla mnada haujaanza.

Kwa hiyo kila mzigo ukipokelewa, liandikwe jina la aliyeleta, na lisomwe kwanza, hata kama ni fungu la mnavu. Na yai lirudi mnadani mara tatu, basi.

Nilikuwa na mengi kuhusu maji na zamu za kupika, naona mwenyekiti anaangalia saa. Maji: yachotwe Jumamosi. Zamu: wanaume wamo. Mzee wangu pale unatikisa kichwa? Kuchinja mbuzi na kwenda kukaa kivulini hiyo si zamu.

Haya, nani anapokea daftari? Kalamu iko ndani. Wale watatu wako ukurasa wa mwisho, majina kamili. Nilisema leo sidai, na sidai. Ila mmoja yumo humu ndani, amevaa koti la kijivu.